Msalaba wa Mlango wa Bati

Watu wanaonifahamu hapa Lodwar husema mimi ni mpole, na sibishani nao. Nimesamehe mengi. Nilimsamehe baba mdogo aliyeondoka na ngamia wetu kabla udongo wa kaburi la baba haujakauka. Niliisamehe shule iliyofuta jina langu bila kutuma hata mtoto mmoja kuuliza niko wapi. Lakini mwenye duka la dawa kule Kakuma sijamsamehe, na nalisema hili mapema ili msomaji asije akangoja hadi mwisho akidhani nitampa mkono.

Baba alikuwa mchoraji wa mabango. Hoteli, kinyozi, vipuri vya pikipiki, makanisa: nusu ya kuta za mjini zilikuwa na mwandiko wake. Alipofariki nilikuwa darasa la saba, mtoto wa kwanza, nyuma yangu mdogo wa kiume na mdogo wa kike. Aliacha brashi nne, kipande cha uzi wa kupigia mistari, na makopo ya rangi yaliyofungwa kwa nailoni ili yasikauke. Kurasa tupu za daftari langu la hesabu nilizimalizia kwa kujifunza herufi zake. Watu waliniuliza, "Msichana anachora?" Niliwajibu wasome ukuta, wasinisome mimi.

Nilibaki Lodwar na mdogo wangu wa kiume, maana kazi ilikuwa hapa. Mama alirudi kwao Lopur, karibu na Kakuma, na mbuzi wachache waliotubakia, akamchukua yule mdogo wa kike.

Mama hakujua kusoma hata herufi moja, ila alijua kusoma wanyama. Kwetu Waturkana kila ukoo una emachar yake, yaani chapa inayochomwa kwa chuma cha moto kwenye ngozi ya ngamia au punda. Mwanamke akiolewa huacha chapa ya baba yake, akachukua ya mumewe. Mama alikuwa akisimama kisimani, anamtazama punda asiyemjua kwa kitambo kidogo, kisha anakwambia ni wa watu gani, wanatokea upande gani, na nani ataulizwa punda huyo akivunja ua wa mtu. Hiyo ndiyo ilikuwa maana ya chapa kwake: nyuma yake kuna watu watakaojibu. Kuweka chapa ya ukoo mwingine kwa mnyama wako hakukuwa jambo la kujadiliwa. Ni wizi, na ni wizi wa kijinga, maana unautembeza mchana kila mtu auone.

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa niliitwa Kakuma kuchora mlango. Aliyeniita alikuwa ameuza dawa za minyoo ya mbuzi kwa miaka mingi kwenye soko la mifugo, kisha akafungua chumba cha bati kando ya soko hilo, akaongeza rafu moja ya dawa za watu, benchi na pazia.

"Wewe ndiyo mtoto wa ule mzee wa kuchora?" aliniuliza.

"Ndiyo."

"Basi nichorie ile msalaba nyekundu. Kubwa. Mtu akiwa kule ng'ambo ya laga aione." Laga ni mto wetu mkavu, ambao hupitisha maji siku chache tu kwa mwaka.

"Na maandishi?"

"Maandishi ya nini? Wateja wangu wanasoma? Msalaba inatosha. Hata mbuzi inajua hapo kuna dawa."

Nilicheka. Kicheko hicho nakikumbuka kuliko vingi nilivyocheka maishani.

Nilipaka nyeupe mara mbili, nikangoja ikauke, nikapiga mistari kwa uzi wa baba. Mikono minne iliyolingana, kama miraba mitano iliyoshikana. Nilikuwa nimeliona umbo lake kwenye milango ya magari yaliyokuja na maji wakati wa ukame, na jicho langu halisahau kipimo. Nyekundu niliyotumia ilikuwa nzuri, nzito, isiyochuruzika. Nilipomaliza nilivuka laga, nikageuka kutazama. Ulionekana vizuri sana. Ulikuwa msalaba bora kuliko kazi zangu zote za mwaka ule, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mvua zilizofuata, mama alishikwa na homa. Haya niliyasikia kwa mdogo wangu wa kike, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na mbili na ndiye aliyekuwa naye. Macho ya mama yaligeuka manjano. Jirani akamtafutia boda boda, wakampakia mama katikati, mtoto nyuma akimshikilia asianguke. Mwenye pikipiki alikuwa akienda moja kwa moja hospitali. Walipopita sokoni mama akampiga begani.

"Simama. Hapa pana chapa ya wale wa magari ya maji."

"Mama, hospitali ni huko mbele tu," kijana akasema.

"Hao nawajua. Simama."

Akasimama. Mwenye duka akamlaza mama kwenye benchi, akamtundikia dripu kwenye msumari. Siku ya kwanza ikaisha. Siku ya pili mdogo wangu alimwomba awasaidie kumfikisha hospitali.

"Huko mtapanga laini mpaka kesho," alimwambia. "Hapa ameshapata dripu. Kaa chini, wewe mtoto."

Mama alimsikia mdogo wangu akilia, akamwambia, "Nyamaza. Tuko kwa watu wenye chapa. Jambo likiharibika, wataulizwa."

Siku ya tatu asubuhi yule mtu alitoa sindano mkononi mwa mama na kusema sasa wampeleke. Alikata roho langoni mwa hospitali. Daktari aliuliza swali moja tu: mbona mmechelewa?

Mama hakujua kwamba mlango ule ulikuwa kazi ya mkono wangu. Mdogo wangu naye hakujua mpaka nilipomwambia baada ya mazishi. Aliniangalia, akaenda kuchota maji. Kopo la nyekundu lililobaki nililifunga kwa nailoni, nikaliweka chini ya kitanda.

Sitadanganya kuhusu miaka iliyofuata. Nilifikiria petroli. Nilifikiria kiberiti. Nilijua duka lile lilikuwa na mlango mmoja na dirisha dogo lenye vyuma. Nikiwa juu ya ngazi naandika "Karibu Wageni" kwenye ukuta wa mtu, kichwani nilikuwa Kakuma nikilitazama bati likipinda kwa moto. Kilichonizuia hakikuwa dini wala huruma. Nilikuwa na wadogo wangu wawili wa kulisha, na mtu mwenye watoto wa kulea hupangiwa siku ya kisasi chake na watoto hao. Nilisubiri. Mdogo wa kiume alimaliza shule, akapata kazi kwenye mashamba ya umwagiliaji kule Katilu. Mdogo wa kike akafika kidato cha nne. Nami nikaendelea kusubiri, sasa bila kujua nasubiri nini.

Kisha shirika moja likaniita kuchora mbao za mafunzo katika ukumbi hapa Lodwar. Ndani, mama mmoja wa makamo alikuwa akiwafundisha vijana wa boda boda huduma ya kwanza. Mimi nilikuwa nyuma kabisa nikichora mkono uliofungwa bendeji. Mwalimu akainua kitambaa cheupe chenye msalaba mwekundu.

"Alama hii ni ya nini?"

"Ni damu ya Yesu, madam," mmoja akajibu.

"Ni ya hospitali!"

"Ni ya duka la dawa," akasema mwingine. "Mimi nikiiona najua panadol iko."

Wakacheka wote. Brashi yangu ikasimama.

"Hakuna aliyepata," mwalimu akasema, na akaeleza. Zaidi ya miaka mia moja na hamsini iliyopita, huko Ulaya, kulipiganwa vita na maelfu ya askari wakaachwa wamelala juani, wanavuja damu, hakuna wa kuwapa maji. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akipita kwa shughuli zake aliwaona. Aliwaona pia wanawake wa mji wa karibu wakibeba maji na vitambaa, wakimsaidia kila aliyelala bila kuuliza ni wa upande gani. Aliporudi kwao Uswisi hakuweza kunyamaza. Yeye na wenzake wakahangaika mpaka serikali zikakubali kwamba anayeuguza majeruhi asipigwe risasi. Lakini atajulikanaje? Ilitakiwa alama moja, ya kuonekana mbali, na mtu mwenye bunduki asiye na muda wa kusoma. Bendera ya Uswisi ni nyekundu yenye msalaba mweupe. Wakaigeuza: nyeupe yenye msalaba mwekundu. Haikuwa alama ya kanisa, ilikuwa heshima kwa nchi ile. Kwingine wanatumia mwezi mwekundu, na maana haibadiliki.

"Inasema hivi," mwalimu akasema. "Usinipige. Mimi sina upande. Nimekuja kwa huyu aliyelala chini. Basi. Haisemi hapa kuna dawa. Mwenye duka hana ruhusa ya kuichora, hata sheria ya Kenya inamkataza. Duka litafute alama nyingine. Wengine huchora msalaba wa kijani."

Nilishuka kwenye kiti nilichokuwa nimesimamia. Kumbe alama ile ilikuwa na wenyewe. Kumbe mama hakukosea kuisoma. Aliisoma sawasawa, kama alivyosoma chapa maisha yake yote. Aliyekosea ni aliyeichoma mahali pasipo pake, na aliyemshikia chuma. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, hasira yangu ilipata mahali pa kushika.

Mafunzo yalipokwisha nilimweleza mwalimu yote. Alinisikiliza, akaniandikia barua ya adabu ya kumwomba mwenye duka aiondoe alama.

"Mnaomba tu?" nilimuuliza.

"Tunaanza kwa kuomba," akasema. "Wengi hawajui."

Nilipanda gari la asubuhi hadi Kakuma. Msalaba wangu ulikuwepo, umefifia kidogo upande unaopigwa na jua, lakini mistari bado imenyooka. Mwenye duka alisoma barua akiwa amesimama mlangoni, akaikunja mara nne.

"Karatasi inatoka Lodwar kunifundisha mlango yangu?" Kisha akanitazama vizuri. "Ngoja. Si ni wewe ulichora? Ni wewe! Sasa dada, umekuja kujishtaki?" Akacheka mpaka akashika fremu ya mlango.

Nikamwambia habari za mama. Benchi, msumari, siku tatu, mtoto wa miaka kumi na mbili. Nilimwambia polepole ili asipitwe na kitu.

Akatikisa kichwa. "Wagonjwa wangu ni wengi. Siwezi kumbuka kila mama."

Angenitukana ningestahimili. Angesema "pole" hata ya uongo, labda ningerudi Lodwar. Hilo la kutokumbuka ndilo lililomponza.

Mbele ya duka lake kulikuwa na mama wa Sudan Kusini, mkimbizi wa siku nyingi wa kambini, anayeuza chai na samaki wakavu. Alikuwa amesikia yote. Aliniita kwa mkono.

"Binti yangu, keti. Usilie hapa, atafurahi." Akanimiminia chai. "Kwetu, gari ya msalaba ikipita, hata vijana wa bunduki walikuwa wanaishusha. Mimi niliona. Siku moja watu wakaficha risasi ndani ya gari wamechora hiyo msalaba. Kalas, imekwisha. Toka siku hiyo hakuna mtu alishusha tena. Gari ya kweli ikaja, dada yangu iko ndani." Akafukuza nzi kwenye samaki. "Kila asubuhi nikifungua biashara, naangalia hiyo uongo yake. Tena imechorwa vizuri."

"Ni mimi niliyechora."

Akanisogezea kikombe. "Basi kunywa chai," akasema, "halafu utafanya nini?"

Siku hiyo ilikuwa ya soko la mifugo, na nilijua nitafanya nini. Kila siku ya soko mwenye duka hutoa meza yake na chupa za dawa za mbuzi hadi katikati ya wafugaji. Hao ndio wateja wake wa kweli. Nilimngoja aipange meza, kisha nikaenda walipokaa wanaume kwenye vigoda vyao.

"Ejok!" nikawasalimu.

"Ejok! Mchoraji, leo unachora mbuzi?"

"Nina swali."

"Uliza, lakini bei haishuki," mmoja akasema, wenzake wakacheka.

Niliuliza kwa Kiturkana, kwa sauti ya kufika mezani. "Mtu akikutwa na ngamia mwenye chapa ya ukoo wa wengine, hakupewa wala hakununua, huyo ni nani?"

"Hilo nalo ni swali? Ni mwizi."

"Na ni mwizi mjinga," akaongeza mwingine.

Nikanyoosha kidole kwenye mlango. Ulionekana kutoka pale. Nilikuwa nimehakikisha hilo mwenyewe miaka iliyopita. Nikawaambia alama ile ina wenyewe, ni watu wa kuokota majeruhi. Nikawaambia ilikotoka na ilivyogeuzwa rangi, kwamba anayeivaa hapigwi, na kwamba mama yangu aliiona akashuka kwenye pikipiki.

Mzee mmoja akamgeukia mwenye duka. "Wenyewe walikupa?"

"Mzee, hiyo ni rangi tu! Rangi!"

"Na chapa ni moto tu," mzee akasema.

Kicheko kilichofuata hakikuwa cha utani. Mwenye duka akaona meza yake inaanza kukimbiwa, akanielekezea kidole. "Muulizeni basi nani alichora! Muulizeni huyu!"

Wote wakanitazama. Nilikuwa nimelijua swali hili tangu Lodwar.

"Ni mimi," nikasema. "Chuma nilishika mimi. Sikujua alama ni ya nani, na sikuuliza."

Wakaongea wenyewe kwa wenyewe kwa muda mrefu. Mwishowe yule mzee akasema, "Kifo cha mama yako hatuwezi kukipima. Mgonjwa hufa hata mikononi mwa anayejua. Chapa tunaweza." Walivyoamua ni hivi: yeye atoe mbuzi, na mimi nitoe mbuzi, waliwe pale pale. Aliyeshika chuma ndiye atakayeiondoa alama. Na hakuna atakayenunua chupa kwenye meza ile mpaka mlango uwe safi, kwa kuwa anayedanganya mlangoni hashindwi kudanganya ndani ya chupa.

Mbuzi wa mama alikuwa amebaki mmoja Lopur, jike jeusi mwenye masikio meupe. Nilimtuma jirani wa kule niliyemkuta sokoni amlete, na nilimtoa bila kusita. Mwenye duka alitoa wake akinung'unika.

"Nitapaka nyeupe leo leo," akawaambia.

"Nyeupe haitoshi," nikasema. Na kweli haitoshi. Nyekundu ile niliijua. Hupenya, ukipaka nyeupe juu yake kesho inageuka waridi na umbo linarudi. Lakini hiyo ilikuwa nusu tu ya sababu yangu. Niliazima patasi na brashi ya waya kwa fundi wa pikipiki, nikaanza kazi saa sita, jua likiwa utosini.

Kila anayefuga anajua ngozi ya mnyama aliyechunwa chapa inavyoonekana. Nywele hazioti tena vizuri. Kovu hubaki na umbo la kile kilichofutwa, na mnunuzi akilipapasa hurudisha mkono na kuuliza huyu aliibwa wapi. Wazee walisema niiondoe. Hawakusema niende kina gani. Nilifuata mistari yangu mwenyewe, mikono minne iliyolingana, na niliichuna rangi mpaka kwenye bati, kisha nikaendelea.

Mwenye duka akatoka. "Dada, si ingetosha? Unaharibu bati yangu."

"Chapa haifutwi juu juu."

"Dada, tafadhali."

"Mwache afanye kazi," mama wa samaki akapaza sauti kutoka ng'ambo ya njia. "Wewe kaa chini!"

Aliyasema maneno yaleyale aliyoambiwa mdogo wangu. Hakujua, kwa sababu hilo sikumwambia. Niliendelea kupiga patasi.

Duka lile bado lipo. Amepaka bluu, baadaye akapaka kijani. Wateja wake wamepungua, hawakwisha. Mtu mwenye mbuzi mgonjwa hana subira ya kukumbuka mambo. Lakini asubuhi, jua likiupiga mlango kwa ubavu, umbo hutokea chini ya rangi, na wafugaji wanaopita hulitazama kisha humtazama yeye. Kila nikienda Lopur napita hapo. Nasimama tu mpaka anione.

Likizo iliyopita nilimchukua mdogo wangu wa kike. Hakuwa amerudi mahali pale tangu siku ile ya tatu. Mwenye duka alikuwa ndani. Alimwona mdogo wangu, na kwa jinsi alivyogeuza uso haraka kuelekea kwenye rafu, nilijua kwamba sasa anakumbuka.

Mdogo wangu alipitisha kidole kwenye kovu, mkono mmoja hadi mwingine. Karibu na bawaba, mahali ambapo patasi yangu iliruka, palibaki alama ndogo nyekundu, si kubwa kuliko ukucha. Aliinama, akaokota msumari uliolala mchangani, akaanza kukwangua. Yule mtu alitokea mlangoni, akamwona, akarudi ndani.

Sikumzuia mdogo wangu. Nilimshikia mkoba mpaka akamaliza.